Masaka Si Masaka: Miezi Minne na Programu ya Kujifunzia Kijapani

Kwa muda wa miezi minne, kuanzia mvua za masika hadi wageni walipoanza kumiminika mwezi wa Julai, nimekuwa nikilipia programu ya simu inayofundisha Kijapani, na kwa kuwa wenzangu kadhaa katika kazi ya kuongoza watalii hapa Arusha wameniuliza kama inastahili fedha yake, nimeona nitoe tathmini kamili badala ya kumjibu kila mmoja kwa nusu sentensi. Sitaitaja jina, kwa sababu kasoro nitakayoieleza niliikuta pia katika programu nyingine mbili nilizozijaribu bila malipo, na isingekuwa haki mmoja abebe mzigo wa wote. Wala sitapima kila kilichomo. Nitaipima zaidi kwa neno moja, nalo ni masaka, neno ambalo Mjapani hulitamka anapokutana na jambo ambalo akili yake inakataa kulipokea.

Huenda mtu akaona kwamba kuipima programu nzima kwa neno moja ni uonevu. Nionavyo mimi, majina ya vitu hayapimi chochote. Majina ya wanyama niliyamaliza wiki ya kwanza: tembo ni zō, twiga ni kirin, kifaru ni sai, kiboko ni kaba, na simba ni raion, neno ambalo Wajapani wenyewe wamelikopa kwa Waingereza. Ukimwonyesha mgeni kifaru ukamwita kaba, mgeni atacheka, nawe utacheka, na mnyama mwenyewe yupo pale pale kuamua kesi. Neno la mshangao halina kitu cha kunyooshewa kidole. Linategemea ni nani anayesema, anamwambia nani, habari iliyotangulia ni njema au mbaya, na sauti imepandia au imeshukia wapi. Kwa hiyo programu iliyotengenezwa kwa haraka huumbuka hapo mapema kuliko mahali pengine popote.

Somo lenyewe lilihusu maneno ya hisia, na masaka lilikuwa la tano kati ya manane. Kadi ilionyesha katuni ya msichana aliyeachama kinywa, mikono ikiwa mashavuni. Chini yake neno liliandikwa kwa herufi tatu za hiragana, mojawapo ya mifumo ya herufi za Kijapani, sauti ya mwanamke ikalitamka, kisha ikaja maana yake kwa Kiingereza, kwa kuwa programu hii haina maelezo kwa lugha nyingine yoyote niijuayo. Kila neno la Kijapani lililonifikia lilikuwa limeshapitia Uingereza kwanza na kuacha baadhi ya mizigo yake bandarini. Kiswahili nikalitia mwenyewe katika daftari langu: "masaka: haiwezekani! siamini!" Yakafuata mazoezi matatu, la kuoanisha neno na picha, la kusikiliza na kuchagua, na la kupanga herufi. Niliyapata yote, simu ikalia kwa shangwe, nikapewa nyota tatu, na tangu siku hiyo programu ikanihesabu kuwa mtu anayelijua neno hilo. Muda uliotumika haukufika dakika 5.

Mwezi wa Julai nilipewa kundi la Wajapani sita, wengi wao wastaafu, pamoja na kiongozi wao wa msafara. Siku ya pili, tukipanda kutoka Karatu kuelekea lango la Ngorongoro, bibi mmoja aliyeketi nyuma yangu alinieleza polepole, ili nimfuate, kwamba mjukuu wake wa kike alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu. Nilielewa kila neno. Furaha ya kuelewa ikanizidi, nikamtazama kwenye kioo cha gari na kusema kwa sauti iliyojaa, "Masaka!" Gari lote lilinyamaza. Bibi yule alitabasamu kidogo, akasema "Okagesama de", maneno ya unyenyekevu ambayo kwa Kiswahili tungesema "ni kwa dua zenu", kisha akageukia dirisha na kuanza kutazama mashamba. Jioni, tulipokuwa tukinywa chai, kiongozi wa msafara alinivuta pembeni na kunieleza kwa upole mkubwa kwamba nilichomwambia yule mama kilikuwa karibu sana na "Yeye? Haiwezi kuwa."

Hapo ndipo kadi ile iliponiponza. Kwetu, mtu akileta habari njema, kutomwamini ni namna mojawapo ya kumpongeza. Binti wa jirani akifaulu kidato cha sita, mama zetu hupiga vigelegele huku wakisema "Siamini! Haiwezekani!", na hakuna anayesikia tusi, kwa sababu mshangao wetu unaelekezwa kwenye ukubwa wa jambo. Masaka huelekezwa kwenye uwezekano wa jambo. Anayelisema anakuwa ameshaamua moyoni kwamba kitu hicho si cha kutokea, na ndiyo maana neno hili hukaa vizuri pamoja na shaka, habari mbaya na mambo ambayo mtu asingependa yawe kweli, lakini halikai vizuri hata kidogo karibu na mjukuu wa watu aliyekesha akisoma. Nilichopaswa kusema ni "Omedetō gozaimasu", hongera, na kama nilitaka kushangaa pia, "Sugoi desu ne" ingetosha, kwa kuwa hiyo husifu bila kutia shaka. Nikitafuta ndugu wa masaka katika Kiswahili, naona "Wapi!" au "Thubutu!" vinalikaribia zaidi kuliko "Siamini!", na hakuna mtu mwenye akili timamu anayempongeza bibi kwa kumwambia "Thubutu!"

Programu ingeweza kuyaeleza haya kwa mifano michache tu. Mmoja ni "Masaka wasureta n ja nai deshō ne", ambao Kiswahili chake hasa ni "Isije ikawa umesahau!" Hapo hakuna kupiga kelele wala kuachama kinywa, kuna hofu ndogo inayojileta yenyewe, na "isije ikawa" yetu inaibeba bila kupungukiwa chochote. Mfano mwingine nimeusikia mwenyewe kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio kiasi cha mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi ya Julai wageni waliofungasha kofia za jua hujikunyata ndani ya mablanketi: "Masaka konna ni samui to wa omoimasen deshita", yaani hawakudhani kamwe kwamba huku kungekuwa na baridi namna hii. Upo pia mtindo wa vichwa vya habari, ambapo "masaka no" hutangulia nomino, kama timu kubwa inapofungwa na timu ndogo na magazeti yakaandika "masaka no haiboku", kushindwa ambako hakuna aliyekutarajia. Nayo "masaka no toki" ni wakati wa dharura, wakati mambo yameharibika, na Wajapani wana msemo, "masaka no tomo wa shin no tomo", ambao hauhitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyekua akisikia kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mifano hiyo yote ingeenea kwenye ukurasa mmoja wa simu. Badala yake nilipewa msichana aliyeachama kinywa.

Lipo jambo jingine ambalo programu isiyokuwa na haraka ingelitaja, nalo ni asili ya neno. Katika mashairi ya Man'yōshū, mkusanyiko wa karne ya 8, masaka lilikuwa na maana ya wakati huu uliopo, sasa hivi, kinyume cha siku za mbele. Maana ya kutoamini ilikuja baadaye. Zaidi ya hayo, saka kwa Kijapani ni njia ya mlimani, iwe ya kupanda au ya kushuka, na wasemaji katika harusi hupenda kuwaambia maharusi kwamba maisha yana njia za namna tatu: noborizaka, ile ya kupanda, kudarizaka, ile ya kushuka, na ya tatu, masaka. Kiongozi wa msafara alinieleza utani huo wakati tukiteremka ndani ya kreta, gari likiwa kwenye gia ya kwanza na bonde lote likiwa wazi chini yetu, na nadhani nimejifunza zaidi katika kona zile tatu nne kuliko katika mazoezi yote ya nyota.

Kasoro nyingine ni ya matamshi. Sisi tuna bahati na Kijapani: irabu zake ni tano zile zile, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu, hivyo Mswahili huyasoma maneno yake bila ulimi kujikwaa sana. Bahati hiyo ndiyo mtego. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tukiona m-a-s-a-k-a tunatamka kwa kuikazia "sa", kama tunavyoutaja mji wa Masaka ulioko Uganda. Kwa matamshi ya Tokyo, sauti huwa juu kwenye "ma", kisha hushuka kwenye "sa" na kubaki chini hadi mwisho. Programu ilinisikilizisha neno mara nyingi, lakini haikunionyesha popote kwa mstari, kwa mshale au kwa maelezo kwamba kuna mahali pa kushukia, na zoezi lake la kutamka liliipokea "masaka" yangu ya Uganda kwa alama ya kijani kila mara. Siku moja nilifanya makusudi: nikaliambia zoezi hilo, kwa lafudhi ya kondakta anayeita abiria, "Masaka, Masaka, Kampala!" Likanipa alama ya kijani.

Maneno jirani nayo yaliwekwa kwenye kadi nane zinazofanana, kana kwamba yote ni mapacha na mtu anaweza kuchukua lolote liliko karibu. "Hontō desu ka" ni "Ni kweli?" yenye adabu, na mtu akiishika hiyo peke yake hawezi kuharibu mambo mbele ya mzee wala mgeni, mradi avute "tō" yake, kwa sababu irabu fupi na irabu ndefu katika Kijapani ni vitu viwili: obasan ni shangazi au mama wa makamo, na obāsan ni bibi. "Uso" maana yake hasa ni uongo. Marafiki huambiana "Uso!" kama vijana wetu wanavyoambiana "Acha uongo!", bila ugomvi wowote, lakini kama ambavyo humwambii baba mkwe "Acha uongo!", ndivyo usivyoweza kumjibu mgeni mwenye miaka 75 kwa "Uso!" anapokusimulia habari zake. "Maji" ni la vijana zaidi, na limetokana na majime, yaani hali ya kuwa makini bila utani, kwa hiyo "Maji de?" ni "Hutanii?" Mswahili anayejifunza Kijapani hujikuta basi akishangaa kwa uso, kwa maji na kwa mji wa Uganda. Kwangu hili limekuwa msaada wa kumbukumbu kuliko katuni, ingawa dereva mwenzangu aliwahi kumpelekea kijana wa Kijapani chupa baridi baada ya kumsikia akisema "Maji?" mara mbili, na kijana akaipokea kwa heshima zote.

Matumizi hasa ya maneno haya niliyaona Ngoitokitok, na yalichukua chini ya dakika moja. Ni mahali pa kulia chakula cha mchana ndani ya kreta, kando ya bwawa lenye viboko, na kila mwongoza watalii anajua kwamba mwewe wa pale wamezoea kunyakua chakula mikononi mwa watu. Niliwaonya wageni kabla ya kufungua milango. Mzee mmoja alitazama anga, ambayo kweli ilikuwa tupu, akatazama paja lake la kuku, akasema polepole, sauti ikishuka, "Masaka", kisha akateremka nalo mkononi. Hakumaliza hatua kumi. Kivuli kilipita, paja likaondoka, na mke wake aliyekuwa bado mlangoni akapiga ukelele, "E! Uso!", wakati mzee mwenyewe amebaki na vidole vitupu hewani. Mkewe hakuwa akimwambia mtu yeyote kwamba ni mwongo. Alikuwa akiyakanusha macho yake. Mzee akashusha mkono, akaugusa moyo wake, akasema "Aa, bikkuri shita", nimeshtuka, na ndipo wote wakaangua kicheko, pamoja na yule bibi wa mjukuu, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa ameanza kunisemesha tena. Programu yangu inayo maneno yote matatu. Haisemi popote kwamba la kwanza hutangulia jambo, la pili hutoka jambo likiwa machoni, na la tatu husubiri hadi liishe.

Sitaki kuinyima haki yake. Hiragana na katakana, mfumo wa pili wa herufi, niliziweza ndani ya wiki tatu, na hilo peke yake nililishindwa mara mbili kwa kutumia kitabu. Mpango wake wa kurudisha maneno ni mzuri: neno ulilolikosea hurudi kesho, ulilolipata hurudi baada ya siku nne, kisha baada ya wiki mbili, hivyo huwezi kujidanganya. Masomo yanapakuliwa nyumbani na kufunguka bila mtandao, na kwa mtu anayelala Serengeti siku nne mfululizo hili si jambo dogo, maana bando halisaidii mahali ambapo hakuna mnara. Bei ni ya kuumiza kiasi, karibu shilingi 25,000 kwa mwezi kwa kadiri benki ilivyonikata, na hailipiki kwa pesa za simu, bali kwa kadi ya benki tu. Niliwaandikia kuhusu kadi ya masaka nikiwapa mifano. Walijibu baada ya siku tisa, wakanishukuru kwa kuwa mteja wao, na kadi haijabadilika.

Mwenzangu anayetaka maelezo kwa Kiswahili ningemwelekeza kwanza kwenye masomo ya NHK World-Japan, idhaa ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, yanayotolewa bure kwa lugha nyingi, yetu ikiwemo. Mfululizo mmoja una masomo 48 ya dakika 10 kila moja, na unamfuata Tam, mwanafunzi kutoka Vietnam aliyeko Tokyo. Sisemi kwamba yanamaliza kiu ya kila neno, lakini ndani yake maneno hutoka kinywani mwa mtu anayemwambia mtu mwingine, na hicho ndicho kadi zangu zilichokosa. Hayana mtihani wa kukusumbua kila asubuhi, kwa hiyo asiye na nidhamu atayaacha njiani, kama nilivyoyaacha mimi mwaka juzi.

Tangu Agosti nimepata pia mwalimu, mwanamke wa Kijapani anayenifundisha kwa njia ya video saa moja kwa wiki. Katika saa yetu ya kwanza nilimsimulia kisa cha mjukuu, naye hakucheka; alinifundisha neno aizuchi, yaani vile vineno ambavyo msikilizaji hutia katikati ya maneno ya msemaji ili kumwonyesha kwamba yuko naye. Neno hilo limetoka kwa wahunzi, pale wawili wanapopokezana nyundo juu ya chuma kimoja, huyu akipiga na yule akiitikia. Nilimwambia kwamba hata sisi tunazo "ehee" na "naam" zetu, na kwamba kwetu msimulizi hawezi kuanza hadithi akisema "Paukwa" asijibiwe "Pakawa". Kisha akanipa zoezi ambalo hakuna programu iliyowahi kunipa: alinisomea habari kumi, moja moja, na kila mara nilipaswa kuitikia papo hapo kwa sauti. Ndege imechelewa saa sita. Nimepata mchumba. Baba yangu ana miaka 90 na bado anaendesha baiskeli. Yule jirani mpole amekamatwa na polisi. Kati ya habari zote kumi, masaka lilifaa kwa mbili tu, na moja kati ya hizo mbili ni ile ya jirani.

Malipo yangu kwa programu yameisha mwezi huu na sikuyaendeleza. Fedha ile ile sasa inaingia kwenye ada ya mwalimu. Kwa anayeanza kabisa, ushauri wangu ni kwamba alipie mwezi mmoja, apakue masomo ya herufi na majina ya wanyama, ayamalize, kisha asitishe mapema kabla ya tarehe ya makato, kwa sababu kadi ya benki hukatwa yenyewe usiku bila kuuliza.